Kuhamisha Jioni za Bibi

Jumapili, tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika barua hii nikiwa nimejiapiza kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba akiyajua atasema nina mdomo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua inayoficha jambo hunuka, kama kabati lililofungiwa nguo mbichi.

Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu huwa unaongea kidogo, halafu mtandao unakuwa mbaya. Mtandao wa huku ni mzuri, Shangazi. Wa kwako ndio huharibika, na huharibika kila Bibi anapopewa simu.

Kwanza habari za nyumbani. Hatujambo sote. Baba bado anatengeneza friji za watu, na uani hapapitiki. Kwenda bafuni ni kupita kwa ubavu. Mama amebadilishiwa zamu kazini, kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayempikia Bibi chai ya asubuhi, naye hunisahihisha akiwa chumbani kwa kusikiliza maji yanavyochemka. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Lakini masikio! Juzi alimwambia Baba kwamba ile friji iliyo karibu na dirisha haijapona, asimdanganye mwenye friji. Baba akabisha, akaifungua kwa hasira, na kweli haikuwa imepona.

Sasa jambo lenyewe. Baba amenunua kompyuta nyingine, si mpya kabisa, lakini nyembamba na haipigi kelele. Ya zamani, ile yenye skrini yenye mgongo, inangoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Kabla haijaondoka niliiwasha nione kuna nini ndani. Ilinguruma hadi Baba akasema huo ugonjwa hata yeye hauwezi. Nikaikuta ile programu ya hesabu za nyumbani mliyokuwa mkiitumia wewe na Bibi. Ina faili moja tu, linaitwa "Jioni". Nikalibonyeza, likaniomba neno la siri.

Nilimuuliza Bibi kuna nini humo. Aliniambia kwamba kila jioni alikuwa anakutajia matumizi ya siku, wewe ukiandika, na kwamba kila kitu kilichonunuliwa alikuwa na la kusema juu yake. Nawe ulikuwa unayaandika yote, neno kwa neno, pale kwenye nafasi ya maelezo. Ni kweli? Hata juu ya chumvi?

Anataka kuyasikia. Zaidi anataka kuisikia jioni ya mwisho kabla hujaondoka. Baba husema siku zote kwamba mliachana vibaya. Bibi anasema hakumbuki ubaya wowote. Anakumbuka mlikaa mezani mkafanya hesabu kama kawaida, na asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa. Maneno yenyewe yamemtoka. "Kama nilimkosea," ameniambia, "nijue nilimkosea wapi, nikiwa bado nina masikio ya kusikia."

Naomba neno la siri, Shangazi. Nitalitunza.

Mwanao,
Binti wa kaka yako


Jumatatu, tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia na nimeisoma nikiwa nimesimama, maana kwenye chumba chetu cha kufulia kiti ni kimoja na kimewekewa mashuka. Nitakuwa nakuita Karani. Mwandiko wako umenyooka kama uliopigwa pasi, na mimi pasi ndiyo kazi yangu.

Huku ni salama. Hoteli imejaa, mashuka hayaishi. Mashine kubwa moja ilikufa wiki iliyopita, tukafua kwa mikono siku mbili, vidole vikawa kama vya maiti. Mwenzangu wa zamu anasema tukistaafu tutalala kwenye magodoro matupu, shuka hatutaki kuliona tena.

Hongereni kwa kompyuta mpya. Mwambie baba yako aifunike na kitambaa, vumbi la uani kwenu nalijua.

Kuhusu ile ya zamani, mwacheni mtu wa vyuma achukue chake. Bei za mafuta ya kupikia za miaka hiyo zitakusaidia nini? Isitoshe, Bibi yako wa wakati ule hakuwa na simile. Aliwasema watu, na wengi wao wako hai. Mmoja anakupikia.

Soma vitabu vyako. Msalimie Bibi. Mwambie, basi, msalimie tu.

Shangazi yako


Jumapili, tarehe 10 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuwa Karani. Natumaini mashine imefufuka na vidole vimerudi kuwa vyako.

Huku tumepata mtihani wa katikati ya muhula. Kwenye Hisabati sikufanya vizuri sana, nimekuahidi kusema kila kitu. Mama ana mafua. Bibi ameanza kumfundisha Baba kuzitambua friji kwa sauti, na Baba anajifanya hasikilizi, lakini nimemwona ameinama uani, ameegesha sikio.

Salamu zako nilizifikisha. Bibi aliuliza, "Amesema nini tena?" Nikamwambia umesema nimsalimie tu. Akauliza, "Hiyo 'tu' ameiandika yeye au umeiongeza wewe?" Nikasema umeiandika wewe. Akasema, "Bado anaandika kila kinachopita."

Kompyuta ya zamani imekwenda zake, lakini faili halikwenda nayo. Nilijaribu kwanza kulitoa kwa flashi, ikawa kazi bure, mashine ile haikuijua flashi kabisa. Mwalimu wetu wa kompyuta akanielekeza kwa fundi mmoja jirani na stendi, kijana wa makamo anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alifungua kompyuta kama mtu anayepasua samaki, akatoa diski ya ndani, akaiunga kwa waya na ile mpya. Nikaliona faili linavuka, mstari wa kijani ukisogea polepole. Fundi akatafuta programu mpya ya watengenezaji walewale, inayoweza kuyasoma mafaili ya zamani. Ikalitambua hata jina. Halafu, Shangazi, ikaniomba neno la siri.

"Dada," fundi akaniambia, "kuhamisha nimehamisha. Hapa pengine ni mambo ya familia."

Kwa hiyo faili limehamia nyumba mpya na mlango wake. Kuhusu Mama, nilimsomea ulichosema. Alicheka akakohoa. "Mwambie wifi yangu kwamba mama mkwe aliyonisema usoni yanatosha, yaliyo kwenye kompyuta ni mabaki." Basi huyo usimwogope.

Kama kuna mwingine unayemwogopa, niambie. Je, ni Bibi mwenyewe?

Karani


Jumapili, tarehe 14 Aprili

Karani,

Marahaba. Nimechelewa. Nilianza barua mbili, zote nikazitumia kufungia sabuni.

Mama yako apate nafuu. Hisabati isikutishe, baba yako alipokuwa shule alikuwa akinakili kwangu, na leo anatoza watu pesa kwa gesi anayoipima kwa makisio. Mwulize.

Neno ni hili: shangazi. Herufi ndogo zote. Ulikuwa umezaliwa wiki hiyohiyo, nilikuwa sijawahi kuwa shangazi wa mtu, na neno lenyewe lilinipendeza mdomoni.

Umeuliza ninamwogopa nani. Nitakujibu mara moja, usiulize tena. Jioni ile ya mwisho Bibi yako alisema neno moja kuhusu mimi. Nililiandika kama lilivyomtoka, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuandika na si kubishana. Kisha nikaweka kufuli ili nisije nikalisoma tena. Nimekaa huku miaka yote nikilitii. Wewe ukilifikia, usimsomee. Ruka.

Mengine msomeeni. Kuna mahali amezungumzia ndoo iliyovuja, natumaini mtacheka.

Shangazi yako


Jumapili, tarehe 28 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo sina habari nyingi. Mama amepona.

Neno halifungui. Nimeandika shangazi kwa herufi ndogo, kama ulivyosema. Nikajaribu na herufi kubwa mwanzoni, nikajaribu zote kubwa. Bibi alikuwa amekaa pembeni, amevaa lile gauni lake la kutokea, kana kwamba tunakwenda mahali.

Baba alipita akasikia. Akasema, "Huyo ndiye dada yangu. Amekupa ufunguo wa mlango mwingine." Mama akamwambia anyamaze. Baadaye wakati namsaidia Bibi kuvua gauni aliniambia, "Mwache. Labda sitakiwi kusikia."

Samahani kwa kuuliza. Inawezekana umesahau? Miaka ni mingi. Mimi huwa nasahau hata siku za vipindi.

Karani


Jumapili, tarehe 12 Mei

Karani,

Sijasahau. Mwambie kaka yangu kwamba sijawahi kumpa mtu ufunguo wa uongo, na kama anabisha akumbuke nani alimfungulia mlango alipokuwa akirudi amechelewa.

Neno nililiandika mara mbili, kama programu inavyotaka, na mara zote mbili ikakubali. Ni shangazi. Sina jingine.

Kama halifungui, basi huenda ni vizuri zaidi. Mwambie Bibi yako ninamkumbuka. Usimwambie "tu".

Shangazi yako


Jumapili, tarehe 2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo mara mbili, moja ya kawaida na moja ya kuomba radhi kwa niaba ya Baba. Ameambiwa habari ya mlango, akasema, "Hayo nayo kakuandikia?" Kisha akaenda kusikiliza friji.

Shangazi, faili limefunguka. Hukudanganya, na pia hukuandika ulichodhani umeandika. Nitakueleza kwa utaratibu, tafadhali usirukie mwisho.

Jumamosi nilikuwa nasafisha droo za Bibi. Chini ya nguo ametandika karatasi ulizokuwa ukimchapia kila mwisho wa wiki, zile zenye majina ya matumizi na jumla zake. Nilianza kumsomea kwa sauti, maana tulikosa kingine cha kusoma. Chakula, Chumvi, Hospitali, Shule ya jioni. Karatasi zote zilikuwa hivyo. Ya mwisho kabisa, iliyokuwa juu, ilisema hivi: Cakula. Cumvi. Ospitali. Nguo za mtoto mcanga.

Bibi akacheka hadi akashika ubavu. "Nani huyo anayesoma bila meno?"

"Si mimi, Bibi, ndivyo ilivyoandikwa. Hakuna H hata moja."

Akaipapasa karatasi. Halafu akasema, "Chai."

"Nikuletee?"

"Hapana. Chai ilimwagika. Siku mlipoletwa kutoka hospitali, wewe na mama yako, nilikuwa na kikombe, nikakukimbilia, kikaangukia pale pa kuandikia. Shangazi yako alipafuta na khanga yangu akaendelea kuandika."

Baba anakumbuka kibodi hiyo. Aliibadilisha alipoanza kuandika ankara zake, kwa sababu wateja walimcheka kwa kuwaandikia "garama". Alidhani imeharibikia mikononi mwake.

Nilikwenda kwenye kompyuta nikitembea polepole, nisije nikajipa moyo bure. Wewe ulikuwa unaandika huku umemgeukia Bibi, ameniambia, hukuwa unatazama skrini hata ukimaliza. Na kwenye neno la siri hakuna cha kutazama, ni nyota tu. H uliibonyeza, yenyewe ikagoma, nyota haikutokea, nawe hukuhesabu nyota. Uliporudia, ikagoma tena, kwa hiyo yakafanana. Niliandika sangazi.

Likafunguka.

Baba alisema, "Sangazi. Kama mtoto anayeota meno." Lakini alivuta kiti akakaa, na friji ya mtu ilikuwa imelala wazi uani.

Tulisoma alasiri nzima ya Jumamosi na leo tumerudia. Programu mpya imechanganya tarehe kidogo, imeweka mwezi mahali pa siku, hivyo Bibi alionekana kununua madaftari shule zikiwa zimefungwa, nimezirekebisha. Ndoo iliyovuja tumeipata. "Ndoo mpya. Muuzaji aliapa kwa mama yake. Masikini mama yake, na yeye anavuja." Mama naye alijipata, wiki aliyoolewa: "Mchele. Mkwe amepika, juu umeungua na katikati mbichi, sijui moto aliupitishia wapi." Tukamtazama. Mama akasema, "Na mliula wote," akaendelea kukunja nguo, ila mabega yalikuwa yanamcheza. Na Bibi, Shangazi, Bibi alikuwa anajibu. Kila nikimaliza mstari, anaongeza mwingine juu ya mtu yuleyule, kana kwamba hajakatizwa.

Halafu tukafika kwenye wiki ya chai. Hapo ilibidi nisome polepole, nikirudisha H moja moja. Mara nyingi ni rahisi. Lakini kuna maneno ambayo herufi hiyo moja hugeuza ndiyo ikawa siyo. Kwa mfano umeandika, "Mafuta ya taa. Mtoto ajalala." Hilo nilijua ni "hajalala", kwa sababu mstari unaofuata Bibi analalamika kwamba nililia hadi asubuhi. Unasoma kinachofuata, unajua.

Jioni ya mwisho ina matumizi matatu. Mkate, sabuni, na la tatu ni nauli, yako. Nilitaka kuruka kama ulivyoniagiza. Nilivuta pumzi, Bibi akasikia. Akasema, "Soma, mjukuu wangu. Nimevaa gauni la kutokea mara mbili kwa ajili ya hilo." Nisamehe, Shangazi, nilisoma. Nakunakilia kama lilivyo kwenye skrini:

"Nauli. Aya, mwace aende. Atarudi."

Hakuna kinachofuata. Faili linaishia hapo.

"Kumbe aliaga," Baba akasema. Miaka yote alidhani uliondoka bila kusema. Akanyanyuka akasimama mlangoni, ametupa mgongo.

Nikawaeleza kwamba "Aya" ni "Haya", na "mwace" ni "mwache", hayo hayana ubishi. Lakini neno la mwisho linaweza kuwa yote mawili. Linaweza kuwa lilivyo, atarudi. Na linaweza kuwa lile lenye H mbele, ambalo kibodi ililila.

"Lina H," Baba akasema bila kugeuka. "Hesabuni miaka."

"Wewe ulikuwepo?" Mama akamuuliza. "Acheni lilivyo."

Nilimgeukia Bibi. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya meza, mmoja juu ya mwingine. Nikamuuliza, "Bibi, ulisema lipi?"

"Mimi nilisema," akajibu. "Sikuandika. Kinachonisumbua si nilichosema, nilichosema kiko pale. Muulize aliyeandika alisikia nini."

Nikamwambia kwamba umeandika kuwa ulilitii. Aliinua uso. Akarudia neno hilo, "Alilitii," mara kadhaa, kwa sauti ya chini, kama anavyofanya anaposikiliza friji asiyoielewa. Kisha akaomba nimsomee mstari ule tena, kisha tena. Mara ya tatu akautamka pamoja nami. Sikusikia H mdomoni mwake, Shangazi, na nilikuwa karibu. Lakini mimi natamani nisiisikie, kwa hiyo ushahidi wangu si mzuri.

Faili zima sasa nimelihamisha vizuri, na wiki ile yote nimerudisha H mahali pake. Nimebakiza neno moja. Bibi amekataza mtu yeyote kuligusa hadi jibu lako lifike, na kila mtu wa posta anapopita anataka kujua amesimama mlango gani. Kwa hiyo ninakuomba ujibu kwa posta ya kwanza, hata kama ni herufi moja tu kwenye karatasi.

Pale mbele ya neno, Shangazi, niweke H, au nisiweke?

Karani wako